Anza na Mtaa Mmoja: Mwongozo wa Kukuza Jamii ya Wachora Ramani Huria Dodoma

Mtu aliyeondoka Dodoma mwaka 2016, ulipotangazwa uamuzi wa Serikali kuhamia hapa, akirudi leo atalazimika kuuliza njia. Hadhi ya jiji ilikuja Aprili 2018, Mji wa Serikali ukasimama Mtumba, treni ya reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam ikaanza kufika katikati ya mwaka 2024, na barabara ya mzunguko wa nje, yenye urefu wa kilomita 112.3, imepitishwa mahali palipokuwa mashamba ya mtama na uwele. Ramani za mtandaoni haziendi na kasi hiyo. Anayejua kwamba kichochoro fulani cha Nzuguni kimezibwa na ukuta mpya, au kwamba kisima fulani cha Mbabala hukauka kila Septemba, ni mkazi wa hapo, na ramani itakuwa sahihi kwa kadiri mkazi huyo atakavyopewa nafasi ya kuichora.

OpenStreetMap inatoa nafasi hiyo. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, na mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuiongezea barabara, nyumba, zahanati au kisima, na kurekebisha kilichokosewa na wengine. Data zake ziko wazi: tangu Septemba 2012 zinatolewa kwa leseni ya ODbL, inayomruhusu yeyote kuzitumia hata kwa biashara, mradi awataje wachangiaji na, akitengeneza kanzidata mpya kutokana na data hizo na kuitoa hadharani, aitoe kwa masharti yaleyale. Nchini kwetu kazi hii si ngeni. Mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko, na mwaka huohuo mradi wa Crowd2Map ukaanza kuchora vijiji, ambapo mkoani Mara ramani zimesaidia kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji.

Miradi ina mwanzo na mwisho, na wafadhili hubadilika. Hatua zifuatazo zimeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kupata wenzake watakaoendelea kuchora hata pasipokuwa na mradi wowote.

Hatua ya kwanza: chora mtaa wako kabla hujamwita mtu

Jipe mwezi mmoja wa kuchora peke yako. Fungua akaunti katika tovuti ya OpenStreetMap, nenda kwenye mtaa unaoishi, ubonyeze kitufe cha kuhariri. Kihariri kitakachofunguka kwenye kivinjari kinaitwa iD, nacho kinamtosha kabisa anayeanza. Nyuma yake utaona picha za setilaiti, na juu yake utaweka vitu vya aina tatu: nukta, kama bomba la maji, mstari, kama barabara, na eneo lililofungwa, kama nyumba au uwanja. Kila kitu hubeba lebo zinazoeleza ni nini. Lebo huwa na pande mbili, ufunguo na thamani, na zimeandikwa kwa Kiingereza kwa sababu dunia nzima inatumia zilezile, lakini majina ya mahali huandikwa kwa lugha ya wenyeji.

Kwenye simu, weka StreetComplete, ambayo humwuliza mtumiaji maswali mafupi kuhusu mahali aliposimama: barabara hii ni ya lami au ya vumbi, duka hili hufunguliwa saa ngapi. Programu hiyo ni ya Android; mwenye iPhone atatumia Every Door. Baadaye, ukishazoea, jifunze JOSM, kihariri kingine cha kwenye kompyuta mpakato, kwa sababu ndiyo itakayokusaidia kukagua kazi za wengine.

Katika mwezi huo utajifunza mambo mawili ambayo lazima uyajue kabla ya kumfundisha mtu. La kwanza ni kwamba hairuhusiwi kunakili chochote kutoka Google Maps au ramani nyingine yenye haki miliki, hata jina la duka moja. Vyanzo vinavyokubalika ni macho yako, GPS ya simu yako, na picha za setilaiti zilizomo ndani ya kihariri, ambazo wamiliki wake wameruhusu zitumike kwa kazi hii. Vibao vya majina ya mitaa na namba za nyumba vilivyowekwa katika operesheni ya anwani za makazi unaweza kuvisoma barabarani na kuviingiza, kwa kuwa umeviona mwenyewe. Lakini kuchukua orodha kutoka kwenye mfumo wa Serikali kunahitaji ruhusa ya maandishi. La pili ni kwamba picha ya setilaiti inaweza kuwa imesogea mita kadhaa kutoka mahali halisi. Anayejua hilo hatahamisha barabara nzima ya Hombolo kwa sababu tu picha mpya inaonyesha tofauti.

Hatua ya pili: tafuta watu watano

Hamu ya kwanza ya kila mwanzilishi ni kujaza ukumbi. Ninashauri kinyume chake. Tafuta watu watano ambao kila mmoja ana sababu yake ya kutaka ramani, kwa sababu sababu ya mtu mwenyewe hudumu kuliko hamasa aliyotiwa na mwingine.

Dodoma ina bahati ya vyuo. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina wanafunzi wa sayansi ya ardhi na wa kompyuta. Chuo cha Mipango kina wanafunzi ambao mazoezi yao ya vitendo huwapeleka vijijini, ambako ramani ni adimu. Na St John's iko ndani ya mji. Ukitaka kuanzisha tawi la chuo, mtandao wa YouthMappers ulioanza mwaka 2015 hupokea matawi ya wanafunzi yenye mhadhiri mlezi. Hata hivyo, usiijenge jamii yako juu ya wanafunzi peke yao. Mwanafunzi huondoka Julai kwa likizo ndefu, na baada ya miaka mitatu huondoka moja kwa moja. Nimeona kikundi kizuri kikifa ndani ya muhula mmoja kwa kuwa nywila, orodha ya wanachama na ujuzi wote vilikuwa kwa kijana aliyepata kazi Dar es Salaam.

Kwa hiyo, kati ya watano wako, wawili wawe wakazi wasio na mpango wa kuhama: mwalimu wa jiografia, fundi simu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, dereva wa bodaboda. Huyu wa mwisho hudharauliwa bure. Dereva wa bodaboda wa Nkuhungu anazijua njia zote zinazopitika masika na zisizopitika, na ukimwonyesha kwamba programu za simu kama OsmAnd au Organic Maps, zinazotumia ramani hii, humwonyesha njia bila bando, atakuwa na sababu ya kila siku ya kusahihisha ramani. Mhudumu wa afya naye anajua kaya zake kwa miguu.

Tafuteni pia wanawake tangu mwanzo, wala msiwasubiri waje wenyewe. Ramani iliyochorwa na wanaume watupu huwa na baa nyingi na mashine za kusaga chache, na visima vyake huwa havina taarifa kama maji ni ya kunywa au ya kufulia tu. Ili waje, mikutano isiwe ya usiku, na mahali pa kukutania pawe penye watu.

Hatua ya tatu: chagueni mtaa mmoja na swali moja

Jiji la Dodoma lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,500 na kata 41. Kikundi kinachosema "tutachora Dodoma" kitachora kidogo kila mahali na hakitamaliza popote. Chagueni mtaa mmoja ambao angalau mwanachama mmoja anaishi, kisha jiulizeni swali ambalo ramani italijibu. Mvua ya hapa ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na sehemu kubwa ya mwaka ni kiangazi. Kwa hiyo maswali mawili hujitokeza karibu kila mahali: maji yanapatikana wapi wakati wa kiangazi, na njia zipi hukatika wakati wa masika.

Swali hili la pili, la makorongo yanayokata njia, ni zuri kwa kuanzia, kwa sababu jibu lake halionekani kwa mtu aliye mbali. Mto wa mchanga unaoonekana kwenye picha ya setilaiti ya Agosti ni mstari mweupe tu. Mchoraji aliyeko Ulaya anaweza kuuita njia ya miguu, na mara nyingine ni kweli kwamba watu hupita humo. Mkazi ndiye anayejua kwamba Januari maji hushuka humo kwa saa tatu na kumzuia mtoto asivuke kwenda shule. Mto huo uchorwe kama mto, uwekewe lebo ya intermittent=yes kuonyesha kwamba ni wa msimu, na pale barabara inapouvuka bila daraja pawekwe ford=yes. Vivuko kumi vilivyowekwa sawasawa katika kata moja vina faida kwa kamati ya maafa ya kata kuliko nyumba elfu zisizo na jina.

Jambo jingine linalohitaji macho ya wenyeji ni tembe. Paa la tembe ni la udongo, rangi yake ni ya ardhi inayolizunguka, na mchoraji wa mbali aliyezoea mabati hulipita bila kuliona, hata kijiji kizima cha Chamwino au Bahi kikabaki na nyumba za bati peke yake kwenye ramani. Ukimfundisha mtu kutafuta kivuli cha ukuta na umbo la zizi lililo ubavuni, ataziona.

Hatua ya nne: barua, salamu na mipaka

Msiingie mtaani na simu mkononi kabla ya kufika ofisi ya mtaa. Andikeni barua fupi ya utambulisho inayotaja kikundi ni cha nani, mtachora nini, kwa siku zipi, na ramani itapatikana wapi. Pelekeni nakala kwa mtendaji wa kata na kwa mwenyekiti wa mtaa, au kwa mtendaji wa kijiji mkiwa nje ya mji. Kama kuna chuo kinachowalea, barua iwe na muhuri wa chuo. Kazi hii huchukua wiki moja au mbili, na mwenye haraka huiona ni usumbufu, lakini mwenyekiti aliyearifiwa huwa mwanachama bila kujua: atawaonyesha mipaka ya mtaa wake, atawatajia majina ya zamani, na mtu akihoji ni kina nani wanaopima nyumba, atajibu yeye. Katika jiji ambalo migogoro ya viwanja imekuwa wimbo tangu enzi za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyovunjwa mwaka 2017, kijana anayepita akiandika kitu mbele ya nyumba ya mtu hudhaniwa kwanza kuwa mpimaji wa kubomoa. Semeni wazi kwamba ramani hii haigawi viwanja wala haithibitishi umiliki.

Kwenye kaya, salamu itangulie. Kwa wazee, "shikamoo" haina mbadala, na "mbukwa" ya Kigogo hufungua milango ambayo kitambulisho hakifungui.

Mipaka ni mitatu. Msiandike jina la mwenye nyumba, namba yake ya simu wala idadi ya watu wa kaya, kwa kuwa hayo hayana nafasi kwenye ramani ya wazi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayalinda. Msipige picha kambi za jeshi, maeneo ya Ikulu ya Chamwino wala vituo vya ulinzi, na hapa makao makuu ya nchi maeneo hayo si machache. Na msirushe droni bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na vyombo vingine vinavyohusika. Kwa mtaa mmoja, miguu inatosha.

Hatua ya tano: siku ya uwandani

Anzeni saa moja asubuhi na mmalize kabla ya saa tano, kwa kuwa jua la Dodoma halina mzaha na simu zenyewe huzidiwa na joto. Nendeni wawili wawili, mmoja akiwa mkazi. Kila jozi ipewe kipande cha ramani kilichochapishwa kwenye karatasi, chenye mipaka inayoonekana ardhini kama barabara, reli au korongo, na kalamu mbili. Ninapenda karatasi kuliko simu kwa siku ya kwanza: mzee wa mtaa anaweza kuichukua mkononi, akaigeuza, akaonyesha kwa kidole, na haiishiwi chaji. Simu itumike kurekodi nukta za GPS na kupiga picha za vibao.

Majina yanahitaji uangalifu wa pekee. Tahajia ya majina ya Kigogo hubadilika kutoka kibao hadi kibao. Mahali pamoja huandikwa Ng'hong'honha na mahali pengine herufi mbili zimepungua. Kanuni yetu iwe kwamba jina kuu ni lile la kibao rasmi, na jina ambalo watu hulitamka huwekwa kwenye sehemu ya jina mbadala, ili anayelitafuta kwa namna yoyote alipate. Kama taasisi ina kibao cha Kiswahili, jina liandikwe kwa Kiswahili. Msilitafsiri kwa kudhani kwamba ramani inapendelea Kiingereza.

Kisha kuna vituo vya tiba, ambavyo huwachanganya karibu wote wanaoanza. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ni ngazi tatu tofauti katika mfumo wetu, na mgonjwa anayehitaji upasuaji usiku hatasaidiwa na ramani inayoziita zote kliniki. Neno la Kiingereza la zahanati, dispensary, humfanya mgeni afikirie duka la dawa. Na duka la dawa muhimu, nalo, si famasi. Kaeni chini siku moja, mkubaliane lebo mtakazotumia kwa kila ngazi baada ya kusoma wiki ya OpenStreetMap, yaani tovuti yake ya maelezo, muandike makubaliano hayo kwenye karatasi moja, na kila mpya apewe karatasi hiyo. Fanyeni vivyo hivyo kwa barabara: daraja la barabara hufuata umuhimu wake, wala halifuati lami. Barabara ya vumbi inayounganisha vijiji viwili na kupitisha basi kila asubuhi haistahili highway=track, ambayo ni ya njia za kuingia shambani, ingawa kwa macho ya mgeni zinafanana.

Hatua ya sita: kuingiza na kukagua

Ingizeni data siku ileile jioni au siku inayofuata, kabla kumbukumbu haijafifia. Waombeni watu wafungue akaunti nyumbani kwao kabla ya kuja, kwa sababu kufungua akaunti ishirini kwa pamoja kwenye mtandao mmoja wa polepole humaliza saa nzima. Kila mtu awe na akaunti yake. Akaunti ya kikundi huficha nani kakosea nini, na pia huficha nani kafanya vizuri. Wanaohifadhi mabadiliko waandike maelezo yanayoeleweka, na yanaweza kuwa ya Kiswahili: "Nimeongeza mabomba ya maji ya mtaa baada ya kutembea" ni maelezo bora kabisa.

Makosa ya wanaoanza hufanana: nyumba zinazopandana, barabara zinazokaribiana bila kuunganishwa hivi kwamba programu ya kuelekeza njia huona ukuta, shule moja iliyowekwa mara mbili, na nukta iitwayo "Nyumbani". JOSM ina kikaguzi kinachoyakamata mengi ya haya kabla ya kupakia, na tovuti ya OSMCha huonyesha mabadiliko yote yaliyofanywa katika eneo lenu. Mpeni mtu mmoja mwenye subira kazi ya ukaguzi. Subira ni sifa ya kwanza, ujuzi ni wa pili. Mwanzo wa barua yake kwa aliyekosea uwe kile alichopatia, kisha kosa moja, si saba, na jinsi ya kulirekebisha mwenyewe. Msimfutie mtu kazi yake bila kumwambia. Historia yote ya mabadiliko imehifadhiwa, kwa hiyo hakuna kosa lisiloweza kurejeshwa, lakini mtu aliyefutiwa kazi ya saa mbili harudi.

Hatua ya saba: suala la posho

Hapa ndipo jamii nyingi zinapofia, na ni vizuri kulizungumza kwa uwazi. Niliwahi kusaidia mafunzo ya siku mbili ambayo mwenye fedha alilipia ukumbi, fulana, chai ya saa nne na posho ya kukaa. Viti havikutosha. Jumamosi iliyofuata, tulipokutana bila posho, tulikuwa wanne, na wawili kati yetu ndio tulioandaa. Sikuwalaumu waliokosa kuja. Kijana asiye na ajira aliyeitwa kwenye semina yenye malipo, kisha akaitwa kwenye semina isiyo na malipo kwa kazi ileile, ana haki ya kuona kwamba ya pili ni dhuluma. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tulianza kwa kununua mahudhurio, tukadhani tumeotesha kujitolea.

Kwa hiyo tenganisheni mambo matatu, myatangaze tangu mkutano wa kwanza. Gharama ya mtu isitoke mfukoni mwake: nauli ya daladala, maji ya kunywa na bando la kupakia data vigharamiwe na kikundi pale inapowezekana, kwa kiasi kilichotumika, na hesabu isomwe mbele ya wote. Muda wake wa kujitolea haulipwi, na kwa sababu haulipwi uwe mfupi, saa tatu kwa wiki mbili, ili asilazimike kuchagua kati ya ramani na mkate wake. Na kazi ya kulipwa iitwe kazi: shirika likitaka data za kata nzima ndani ya mwezi mmoja, kikundi kikatae kuifanya kwa jina la kujitolea, kidai mkataba na malipo, na waliojitolea muda mrefu wapewe nafasi ya kwanza. OpenStreetMap nayo ina utaratibu wake wa kazi za namna hii. Miongozo ya uhariri ulioratibiwa ya mwaka 2018 inawataka waandaaji watangaze kwenye ile tovuti ya wiki wao ni kina nani, wanachora wapi na wanatumia vyanzo gani. Ifuateni hata kwa mradi mdogo, kwa sababu wachoraji wengine walioko eneo hilo wana haki ya kujua.

Kusajili asasi, kufungua akaunti ya benki na kuchagua mweka hazina kunaweza kusubiri mwaka mzima. Kikundi kisicho na fedha hakina cha kugombania.

Hatua ya nane: irudisheni ramani mtaani

Mkimaliza mtaa, chapisheni ramani yake kwa ukubwa wa A1 katika duka la stesheneri, mwandike chini yake kwamba data ni za wachangiaji wa OpenStreetMap, mkaibandike ofisi ya mtaa. Pelekeni pamoja nayo kalamu nyekundu. Msimwombe mwenyekiti aisifu, mwombeni aisahihishe, na muiache wiki mbili ukutani ili kila anayekuja kugongewa muhuri aiangalie. Karatasi itakaporudi imejaa alama nyekundu mtakuwa na ajenda ya mkutano unaofuata, na kuna uwezekano mkubwa kwamba mmoja wa waliochora alama hizo atakuja kuuliza ziliingizwaje.

Onyesheni pia ramani ikifanya kazi kwenye simu bila mtandao. Mabadiliko huonekana kwenye tovuti kuu ndani ya dakika chache, lakini programu za simu hupata data mpya baada ya siku au wiki kadhaa, kwa hiyo pakueni upya kabla ya kwenda kuonyesha. Niliwahi kusimama mbele ya wazee nikiwaonyesha ramani ya zamani, na ilikuwa dakika ndefu.

Hatua ya tisa: hesabuni wanaorudi

Daftari moja linatosha. Kila mkutano, andikeni nani amekuja, nani amehariri tangu mkutano uliopita, na nani amemfundisha mwingine. Idadi ya nyumba zilizochorwa hupendeza kwenye ripoti, ila mtu mmoja anaweza kuchora nyumba elfu kwa wiki kisha asionekane tena. Safu ya kuangaliwa ni ya waliorudi baada ya miezi mitatu. Ikipungua, mtembeleeni aliyeacha mkamwulize. Mara nyingi jibu ni dogo, kama simu iliyoharibika au siku ya mkutano iliyogongana na mnada.

Wanaorudi wapewe jukumu mapema, hata kabla hawajajiona wako tayari: mmoja karatasi za uwandani, mwingine kundi la WhatsApp, mwingine ukaguzi, mwingine barua za ofisi za mitaa. Anayependa lugha afanye tafsiri. Maneno ya tovuti ya OpenStreetMap hutafsiriwa na watu wa kujitolea kupitia translatewiki.net, na Kiswahili chake kinahitaji mikono zaidi. Fuateni kalenda ya mahali: uwandani Mei hadi Novemba, na wakati wa masika, njia zinapokuwa matope na watu wako mashambani, fanyeni kazi za ndani za kuchora kwa picha za setilaiti, za ukaguzi na za kujifunza JOSM. Wakati huo pia ndipo wachoraji wa mbali wanapoweza kuwafaa. Kupitia mfumo wa kugawana kazi wa shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team, eneo kama Mpwapwa au Kongwa hugawanywa katika miraba, watu wa nchi nyingine wakachora nyumba na barabara, nanyi mkaenda kiangazi kuzipa majina na kufuta vichuguu vilivyoitwa nyumba.

Mtaa wa pili uchaguliwe na mtu wa mtaa wa kwanza, na awe kiongozi wake. Kabla hajaanza, mkabidhini faili moja lenye barua mliyotumia, karatasi ya lebo, mpangilio wa kuchapishia na orodha ya wanachama, na hakikisheni kwamba kundi la WhatsApp lina wasimamizi watatu, angalau mmoja wao akiwa si mwanafunzi.